Kwao Wapi?

Alitua Jumapili moja asubuhi, mwishoni mwa Oktoba, juu ya nguzo ya seng'enge inayotenganisha uwanja wetu na wa jirani, hapa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru. Mvua za vuli zilikuwa zimechelewa. Vumbi lilikuwa limetanda hadi kwenye majani ya mwembe, na ndege mwenyewe alikuwa na rangi ya vumbi lile lile, asingeruka, nisingemwona. Aliruka mbele hatua chache, akageuka ghafla hewani, mdomo ukafumba kwa mlio mdogo mkavu, kisha akarudi kwenye nguzo ile ile na kukaa wima kama askari wa zamu.

Jirani yangu, mama wa makamo ya bibi, alikuwa akianika nguo upande wa pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Unatazama nini na hiyo darubini?"

"Yule ndege pale kwenye nguzo."

Akakinga jua kwa kiganja, akamtazama kidogo. "Si shomoro yule?"

"Hapana, mama. Huyu ni msafiri. Ametoka Ulaya au Urusi huko, amekimbia baridi."

Nguo aliyoishika akaiacha begani. "Mdogo hivyo? Na kwao wapi?"

Nilifungua mdomo kumjibu nikakuta sina jibu. Ningeweza kumtajia nchi kumi. Lakini kwa Kiswahili mtu akikuuliza kwenu wapi, haulizi unapoishi wala hati yako ya kusafiria imetolewa na nani. Anauliza ulikoota. Mimi naishi Morogoro mwaka wa ishirini huu, na nikiulizwa hujibu Singida bila kufikiri. Swali la mama yule nimetembea nalo misimu mitatu ya mvua, na kila ndege anaporudi kwenye nguzo hulikuta linamsubiri.

Kabla ya kuuliza kwao, sharti kwanza ujue ni nani, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Urefu wake ni kama sentimita 14, na uzito wake ni gramu kama 15, sawa na vijiko vitatu vya chai vya sukari. Mgongo ni kahawia yenye kijivu, tumbo ni jeupe lililofubaa. Hana ushungi, hana mkia mrefu, hana rangi ya kung'aa hata kwenye jicho. Dume na jike wamefanana. Anayejifunza ndege kwa kutafuta rangi hupita mbele yake kila siku asimwone.

Nilimtambua kwa kuwaondoa wengine mmoja mmoja. Yuko ndugu yake wa milimani, Muscicapa adusta, anayeishi huko juu Uluguru mwaka mzima: huyo ni mdogo zaidi, wa duara, rangi yake imekolea kama moshi, na mabawa yake ni mafupi kwa sababu hana safari. Yuko mwingine wa misitu ya miombo, mkubwa kidogo, kahawia iliyopauka, kidari chake hakina alama yoyote, naye hupenda kushuka chini kuokota wadudu kwenye majani makavu. Yuko wa kijivu chenye ubuluu, na yuko mweusi tii ambaye wengi humdhania mlamba. Nilipowaondoa wote hao, yakabaki mambo matatu. Paji la uso na utosi vina michirizi myembamba, kama mistari ya penseli. Kidarini mistari hiyo inarudi, hafifu, ikichuruzika kuelekea tumboni. Na anapokunja mabawa, ncha zake zinafika mbali juu ya mkia, kama koti lililoshonwa kwa mtu mrefu kuliko anayelivaa. Ncha ndefu za mabawa ni alama ya msafiri.

Hata hivyo, siku hizi simtambui kwa michirizi. Namtambua kwa tabia. Anachagua mahali palipo wazi, penye mwangaza: nguzo, kamba ya nguo, tawi lililokauka. Anakaa wima, kichwa kikigeuka polepole. Mara moja moja hupepesa bawa, kama mtu anayepandisha mkono wa shati. Halafu anaruka, anadaka, anarudi, mara nyingi pale pale alipotoka. Mwanangu alimfahamu kwa mchezo huo akiwa na miaka mitano, kabla hajajua kutofautisha kunguru na kipanga.

Jina lake la kitaalamu limetokana na kazi hiyo. Muscicapa ni Kilatini, maana yake mdaka nzi, na striata ni mwenye michirizi. Mjerumani Peter Simon Pallas ndiye aliyemwandika kwa jina la pili mwaka 1764. Waingereza, wao, humwita mdaka nzi mwenye madoa. Nilisumbuka sana na jina hilo. Nilimtafuta madoa kwa darubini kwa muda mrefu, nikadhani nimemkosea ndege. Baadaye nikaelewa kwamba madoa ni ya makinda. Kinda anapotoka kiotani, kichwa na mgongo wake vimetapakaa madoa meupe yenye rangi ya mchanga, na kabla ya kuanza safari ya kusini huyapukutisha karibu yote, yakabaki mabaki kidogo kwenye kingo za manyoya ya bawa. Wenzetu walimwita jina la utoto wake, kwa kuwa wao huuona utoto huo. Sisi hatuuoni. Anapofika kwetu tayari amevaa michirizi.

Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kwamba kila upande una nusu ya ndege huyu.

Nusu ya kaskazini imeandikwa vizuri. Mwaka 1789 kasisi wa Uingereza aliyeitwa Gilbert White alichapisha kitabu kuhusu viumbe wa kijiji chake, Selborne. Alieleza jinsi mdaka nzi anavyojenga kwenye mizabibu inayotambaa ukutani, au kwenye mwisho wa boriti, hata karibu na mwimo wa mlango ambapo watu wanaingia na kutoka mchana kutwa. Alimjua kwa macho ya mtu anayeishi naye nyumba moja. Waliokuja baada yake waliongeza mengine: mayai manne au matano, wiki mbili hivi za kuyaatamia, wiki mbili nyingine za kulisha makinda. Mwaka 1977 mtafiti Nick Davies alichapisha matokeo ya kuwafuatilia ndege hawa huko Oxford. Aliona kwamba asubuhi ya baridi, nzi wakubwa wakiwa hawajaanza kuruka, mdaka nzi huingia ndani ya matawi kutafuta vidukari na wadudu wadogo. Jua likipanda, hutoka kwenye tawi la nje kuwinda minofu. Akidaka nyuki au nyigu, hammezi hivi hivi. Humgonga na kumsugua kwenye tawi mpaka mwiba utoke. Tabia hiyo nimeiona mwenyewe kwenye nguzo yetu, na jirani yangu, ambaye aliwahi kufuga nyuki, alisimama kuitazama kwa dakika nzima bila kusema neno.

Lakini White hakujua ndege wake anakwenda wapi. Katika zama zake wasomi walikuwa bado wanabishana kama ndege wa kiangazi husafiri au hujificha, na yeye mwenyewe hakuacha kushuku kwamba baadhi ya mbayuwayu hulala mahali fulani mpaka baridi iishe. Tusiwacheke. Ukimwona kiumbe wa gramu 15 akitoweka Septemba na kutokea tena Mei, ni rahisi zaidi kuamini kwamba alikuwa amelala kwenye shimo la mti kuliko kuamini kwamba alikwenda Morogoro.

Jibu lao la kwanza lililoshikika kwa mkono lilitoka kwetu. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz kaskazini mwa Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe. Shingoni mwake mlikuwa na mshale wa mti, urefu wake sentimita kama 80, umeingia upande mmoja na kutokea mwingine. Waliouchunguza waliona kwamba ni kazi ya mikono ya Afrika ya kati. Korongo alikuwa amechomwa huku, akapona, akaruka na mshale wake hadi Ulaya. Alikaushwa, na mpaka leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Ninapomfikiria korongo yule, namfikiria pia mwindaji, ambaye jina lake halijaandikwa popote. Alirusha mshale, akakosa kitoweo, akarudi nyumbani mikono mitupu, huku ametuma habari ambayo wasomi wa bara zima walikuwa wakiihitaji. Miaka 77 baadaye, mwaka 1899, mwalimu wa Denmark aliyeitwa Mortensen alianza kuwavisha ndege kwezi wa Ulaya pete za alumini zenye namba miguuni, na tangu hapo habari zikaanza kusafiri bila kumwaga damu.

Safari yenyewe ni ya usiku. Mdaka nzi hula mchana na kuruka gizani, akiongozwa na nyota na sumaku ya dunia. Wanaokuja upande wetu wa Afrika wengi ni wa mashariki, wenye rangi iliyopauka kidogo. Hupita Bara Arabu, wakatua katika bustani za Omani na Ghuba kama watu wanaoshuka kituoni kunywa maji, kisha huvuka kuingia Pembe ya Afrika. Ukichukua ramani ukaweka rula Moscow na kuishusha moja kwa moja kusini, itafika Morogoro: kilomita kama 7,000 katika mstari mmoja. Na kinda aliyeanguliwa Juni huifanya safari hiyo mwaka ule ule, bila mzazi wa kumwonyesha njia. Amezaliwa na ramani ndani yake.

Kuna mahali ambapo mto huo wa ndege wa usiku huonekana kwa macho. Ni Ngulia, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya. Hoteli iliyojengwa huko juu ya ukingo wa mlima mwishoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa na taa kali za kumulika wanyama. Usiku wa Novemba na Desemba usio na mwezi, ukungu unaposhuka, ndege wanaosafiri hupoteza njia na kuzishukia taa hizo kama mvua. Wataalamu na wanaojitolea wamekuwa wakienda huko mwaka baada ya mwaka, wakitandaza nyavu, wakiwavisha pete na kuwaachia. Wamefikia mamia ya maelfu ya ndege. Nilipoyasoma hayo ndipo nilipoelewa kwamba usiku wa Novemba ninapolala, juu ya bati langu kuna barabara kuu.

Basi nusu ya kusini ya ndege huyu ikoje? Tunayo vipande vipande. Kumbikumbi wanapotoka baada ya mvua ya kwanza, watoto wanakimbia na ndoo na yeye yupo, akidaka wale waliopanda juu kuliko mikono ya watoto. Kuna asubuhi katikati ya Novemba ambapo nimewahesabu wanne kwenye waya mmoja, kesho yake hakuna hata mmoja, keshokutwa mmoja tena. Wengi hupita kwenda Zambia, Zimbabwe, hadi Afrika Kusini, wachache hubaki. Huyu wetu alibaki. Mwaka wa pili alikaa hadi Machi, akiwa na nguzo yake, tawi lake kavu la mwembe na kamba ya nguo ya jirani, kwa utaratibu ule ule.

Februari ya mwaka huo niliona kitu kilichonishtua. Aliponyoosha bawa kujitandaza juani, ncha yake ilikuwa na pengo, kama kitana kilichokatika meno. Nilidhani amenusurika kwa paka. Wiki mbili baadaye pengo lilikuwa limesogea ndani kidogo, na pale lilipokuwa mwanzo palikuwa na unyoya mpya, mweusi zaidi, wenye ukingo safi. Nikaanza kusoma.

Manyoya ya ndege huchakaa kama kanga inayofuliwa kila siku. Jua, vumbi na upepo huyala kingo, na bawa lililochakaa halivuki jangwa. Kwa hiyo kila mwaka lazima yabadilishwe. Ndege wengine huyabadilisha kaskazini kabla ya kuondoka. Mdaka nzi hana nafasi hiyo: hufika Ulaya amechelewa kuliko karibu ndege wote wa kiangazi, Uingereza mara nyingi ni Mei imefika katikati, akalea, akaondoka. Kazi ya bawa anakuja kuifanyia Afrika. Unyoya mmoja unaanguka, mwingine unaota, taratibu, miezi kadhaa, kwa sababu yeye hula kwa mabawa na hawezi kuyavua yote kwa pamoja. Tena huyabadilisha kwa mpango wake mwenyewe. Karibu ndege wote wa jamii ya waimbaji huanza na manyoya makuu ya ndani wakielekea ncha. Yeye huanza kwenye ncha akija ndani. Lile pengo lililokuwa likitembea kuja ndani lilikuwa sahihi yake. Hata kama angekuwa hana michirizi wala ncha ndefu, hilo peke yake lingemtaja.

Na unyoya unajengwa kwa chakula. Kila mdudu aliyedakwa juu ya uwanja wetu, nzi wa jalalani, kumbikumbi wa Novemba, nyuki aliyesuguliwa mwiba kwenye nguzo, alikuwa akigeuka kuwa bawa.

Nilikwenda kumweleza jirani, kwa kuwa swali lilikuwa lake. Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwambia kwamba aanguliwe wapi, ndege yule hawezi kurudi huko bila manyoya yanayoota huku. Mikono yake haikusimama.

"Kumbe nguo za safari anashonea huku," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akapepeta kidogo, makapi yakaruka. "Mimi nimeletwa hapa Bigwa nikiwa bibi harusi, kutoka Mahenge. Mwaka wa arobaini huu. Msibani bado wananiuliza kwenu wapi, na mimi bado najibu Mahenge." Akanyamaza, akaokota kijiwe kwenye mchele na kukitupa. "Lakini mikono hii imekomalia hapa."

Sikuwa na la kuongeza. Tangu siku ile naona kwamba swali la kwao tumelifungia mlango mmoja tu, mlango wa kuzaliwa. Mwili una mahali pengi pa kuota. Kuna palipotokea yai, na kuna palipotokea bawa, na anayehesabu la kwanza tu amehesabu nusu.

Hesabu hii ya nusu ina hatari yake. Uingereza, ndege hawa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu miaka ya 1960. Vijiji ambavyo kila bustani ilikuwa na jozi yake sasa havina. Duniani kote bado ni wengi na hawajawekwa katika kundi la walio hatarini, lakini mteremko ule umewaogofya wanaowapenda. Watafiti waliochambua kumbukumbu za pete na viota waliona kwamba tatizo kubwa liko kwa wachanga: wengi hawaufikishi mwaka wao wa kwanza. Na mwaka huo wa kwanza umetandazwa juu ya zaidi ya bara moja. Wanakufa wapi? Kwenye bustani walikotoka kiotani? Jangwani? Au huku, penye miti iliyokatwa na wadudu walionyunyiziwa dawa? Mwenye nusu ya kaskazini akiangalia viota vyake peke yake hawezi kujibu. Na sisi tunaomwita mgeni, tukadhani wenyewe wako huko watashughulika, tumeacha nusu yetu bila mtu wa kuitunza. Sisi tuna tawi kavu ambalo hatujalikata, mwembe uliobaki, uwanja wenye wadudu. Ni vitu vidogo, na bawa linatokana navyo.

Mwaka huu aliondoka Aprili, masika yakiwa yamekolea. Jioni alikuwa kwenye nguzo, amelowa, anajikung'uta. Asubuhi nguzo ilikuwa tupu. Mwanangu aliuliza kama amekufa. Nilimwambia amekwenda kulea, akaniuliza kama ana koti, nikamwambia ana koti jipya.

Kuna jambo jingine ambalo White aliliandika, nami hulikumbuka kila Aprili. Mwaka mmoja jozi ya ndege hawa ilijenga kwenye tawi lisilo na majani, pengine siku ya kiwingu, bila kufikiria jua. Joto likaja kabla makinda hawajaota manyoya, na ukuta uliokuwa nyuma yao ukarudisha joto hilo kiotani. Makinda wangeungua. White alitazama wazazi wakielea juu ya kiota saa zote za joto kali, midomo wazi wakihema, mabawa wameyatandaza kuwafanyia watoto wao kivuli.

Kasisi yule alistaajabia upendo wao, na alikuwa na haki. Hakuweza kujua kwamba kivuli kilichokuwa juu ya makinda yale ya Selborne kilikuwa kimeota Afrika, unyoya mmoja mmoja, kuanzia ncha kuja ndani.